Jairo ya Ndege ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe ametangaza mezani: ile ndege ya rimoti aliyoichonga kwa miaka miwili itaruka Jumapili, siku anayotimiza themanini. Mikono yake inatetemeka, hathubutu kuirusha. Anatafuta mtu. Wote wakamgeukia shemeji, mwanawe. Fundi saa! Mtu anayepuliza kijiko kabla ya kukitumia! Nikawahi kusema nitafunga jairo, ndege ijitulize yenyewe hewani. Nimepewa kazi. (Zile tatu nilizoangusha mwaka jana ulikuwa upepo.)

Jumatano, 6 Machi
Jairo imefika. Kidude kama kiberiti. Ndege ikilala upande, chenyewe kinasukuma vibawa, vile vipande vinavyopanda na kushuka nyuma ya mabawa, kuinyoosha. Maelekezo kurasa kumi na mbili. Sijafungua hata mmoja. Yameandikwa kwa ajili ya akina shemeji. Kimechorwa mshale, nao umeelekea mkiani kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Mshale ni pambo tu.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja “kusalimia.” Kaomba niilaze ndege kulia, mkononi, tuone kibawa cha kulia kinakwenda wapi. Kikapanda. Akasema kilipaswa kushuka ili hewa iinue upande ulioanguka. Kwamba jairo imekaa kinyume, itazidisha kila kosa. Nikamwambia akafungue saa za watu. Mke wangu naye akauliza kwa nini nisigeuze tu. Nimemweleza kuwa wivu umo katika ukoo wao. Chakula cha mchana nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi
Uwanjani, ukoo mzima. Ndege ikapaa vizuri. Nikawasha jairo. Ikainama kulia kidogo. Jairo ikaiinamisha zaidi! Ikapinduka, ikarudi kichwa chini, ikapita juu ya keki. Mashangazi chini ya meza. Nikabonyeza kila kitu.

“Zima jairo!” shemeji akapiga kelele.

Ningemtii yeye? Mbele za watu?

Baba mkwe akaninyang'anya rimoti, akazima. Mikono ikitetemeka, ndege ikayumba kwa kila mtetemo, lakini ikanyooka. Akaizungusha uwanja mara mbili, huku akicheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwake. Akaitua nyasini. Mama mkwe akalia. Shemeji akalia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Jumatatu, 11 Machi
Mzee hataki kuachia rimoti. Karusha tena asubuhi, jairo imeng'olewa. Wote wanasifu ujasiri wake. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeuamsha! Mke wangu amenitaka nikaombe radhi. Nimekwenda, nikamwambia mzee nimemsamehe kwa kuninyang'anya.

Nikiwa huko nimeona mashine ya kufulia ya mama mkwe ikitetemeka mpaka inatembea jikoni. Nimechukua vipimo vyake. Nimemsihi asimwite fundi.