Mchango wa Lazima na Suruali ya Mwalimu Mkuu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, japo nasikia nimekuzidi miaka miwili. Mimi ni fundi cherehani wa pale jirani na kinyozi, mama wa yule binti uliyemrudisha nyumbani jana kwa sababu ya mchango wa lazima. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea sheria unisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukutani kwenu pameandikwa ELIMU NI BURE. Maandishi hayo nayafahamu, rangi yake nilichangia. Kwa lazima.

2. Uliniambia getini kwamba wazazi tulipitisha wenyewe mkutanini. Kweli nilinyoosha mkono, tena yote miwili. Nilidhani tunaulizwa nani amechoka kukaa.

3. Mchango wa dawati nimelipia watoto watatu. Huyu wa mwisho anakaa wa nne kwenye dawati moja, nusu yake iko hewani. Naomba nioneshwe madawati yangu, hata kwa mbali.

4. Karani wa mahakama, mteja wangu, amesema mchango ni hiari, ukilazimishwa hauna nguvu kisheria. Nilifurahi mpaka nikamshonea bure.

5. Kama lazima ni halali, basi nami nimeanzisha mchango wa lazima wa uzi, wa sindano, na wa mlinzi wa cherehani. Mlinzi ni mimi. Asiyelipa, nguo yake haitoki. Suruali yako ya kijivu iko hapa, inakusalimu. Haitoki mpaka binti arudi darasani. Mtihani ni Jumatatu, naye anasomea chini ya meza yangu ya kukatia, vitambaa vinamwangukia. Aliniuliza, "Mama, kwani mimi nimekosa nini?" Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa geti, na mama watoto. Mwambie gauni lake liko tayari, yeye hana kosa.

Wako mtiifu, mkaidi kidogo,
Mama wa Nusu Dawati

N.B. Suruali anakuletea binti mwenyewe. Pesa zote za mchango zimo mfuko wa kulia. Nimeushona mdomo zisidondoke njiani, fumua taratibu. Kiunoni nimekuongezea kidogo, hiyo ni bure. Ila kwenye risiti naomba uandike "kwa hiari", nisije nikaonekana nimeshiriki kuvunja sheria.