Kugandisha Chunjua Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi
Hili sijamwambia mtu: nina chunjua kwenye kidole cha shahada. Ndiyo maana tangu muhula uanze natembea mkono mfukoni kama bosi. Ijumaa ni mazoezi ya igizo. Mimi ni bwana harusi. Bibi harusi ni binti wa dawati la mbele, ambaye sijawahi kumwambia hata aniazime rula. Tutashikana mikono. Lo!

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kijitabu cha kliniki kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza. Baridi kali huua chunjua. Zote mbili zinasema pia umwone daktari, lakini hiyo ni kwa wasio na friza.
Nikabandika kidole kwenye ukuta wa friza. Dakika ya tatu hakibanduki! Dada akanikuta. Nikamwambia naangalia samaki. Akauliza wamesemaje, kisha akamwita mama. Mama alikibandua kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi kidogo ilibaki frizani. Chunjua nilirudi nayo yote.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki. Muuguzi alisikiliza habari za friza, akaenda kumwita mwenzake naye aje azisikie. Akasema baridi yao haina undugu na ya samaki. Akaipuliza kwenye chunjua sekunde chache. Inachoma kama moto! Akasema litatoka lengelenge, nisilitumbue, na huenda nikarudi baada ya wiki mbili tatu. Nikauliza kama lengelenge linaweza kusubiri Jumamosi. Akasema halina kalenda.

Ijumaa, 7 Machi
Lengelenge kama zabibu, bendeji juu yake. Nikajifanya mgonjwa. Mwalimu akasema mabwana harusi wengi huumwa siku hiyo, nipande jukwaani. Binti akatazama bendeji. Nikakiri yote, hadi samaki. Basi, nimekwisha.
"Mimi ninazo mbili gotini," akasema polepole. "Nipe huo mkono mwingine."
Nikampa. Ulikuwa umelowa jasho. Hakuuachia hata mwalimu aliposema inatosha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka na chunusi puani! Na Jumatatu tunarudia igizo. Muuguzi alisema nisijaribu kitu bila kumwuliza, ila yeye alizungumzia chunjua. Kocha wa mpira shuleni ana kopo la kupuliza ubaridi, la wachezaji waliotegua miguu. Nimeliazima, yeye bado hajajua. Limeandikwa lisipulizwe usoni. Lakini pua imejitokeza mbele kabisa, haihesabiki.
Nimepuliza mara moja. Pua siisikii. Dalili nzuri. Naongeza.
Viatu vya mama kwenye korido. Vinakuja huku. Ukurasa huu chini ya mto, nami kifudifudi.