Mshale wa Chooni

Jumatano, 4 Machi
Jumamosi na Jumapili klabu yetu ya wapiga picha inawafungulia wageni jengo lake kongwe. Na picha yangu, paka wa kwenye ngazi, imetundikwa wapi? Korido ya nyuma! Ukuta unaotazama mlango Katibu kaufunika shuka, eti siri. Siri gani? Picha yake ya machweo tu. Mama watoto anakuja kwa mara ya kwanza. Miaka yote ananiuliza Jumamosi zangu huwa zinaishia wapi. Nataka aione kazi yangu, aseme kumbe. Basi.

Alhamisi, 5 Machi
Nimemwomba Katibu tubadilishane kuta. Kasema subira huvuta heri, akajifungia chumba cha giza kusafisha picha. Mwenyewe anacheka. Roho mbaya!

Ijumaa, 6 Machi
Nimepata! Nimeugeuza mshale wa CHOO uelekee korido yangu. Kila atakayebanwa lazima ampitie paka. Akili ni mali.

Jumamosi, 7 Machi
Balaa! Mwisho wa korido yangu upo mlango mmoja tu, wa chumba cha giza. Nilisahau. Na komeo lake ni la tangu jengo lijengwe. Mgeni mmoja kabanwa, kausukuma kwa bega. Mwanga ukaingia! Katibu alikuwa ndani, na karatasi ya picha ikiona mwanga huwa nyeusi tii. Katoka kashika kichwa, akasema hiyo ilikuwa picha ya ukuta wa shuka. Picha yangu! Niliyompiga mke wangu tukiwa wachumba, anaanika nguo, anacheka. Negativu, ile filamu ya kutolea picha, mwenyewe mama watoto ameitunza sandukuni mwake miaka yote, akampa Katibu kwa siri.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama watoto alicheka mpaka machozi, akasema negativu si ipo, twende tukaisafishe upya. Tukaingia, Katibu akiegemea mlango usifunguke tena. Kwenye taa nyekundu sura ya mama watoto ya usichana ikaibuka taratibu ndani ya dawa. Kanishika mkono, akasema kumbe Jumamosi zangu zinaishia huku. Nimelia. Nampenda mno mwanamke huyu.

Jumapili, 8 Machi
Picha ya mke wangu iko ukutani, anatazama mlango sasa, anacheka. Ila wageni wanampita mbio mbio! Kumtazama mara moja kunatosha kweli? Nimeugeuza kidogo mshale wa KUTOKEA, wampitie tena. Safari hii milango nimeikagua yote. Karibu yote.