Makande Kabla ya Kisu

Jumatatu, 6 Julai 1953

Nimelazwa hospitali ya misheni. Ngiri. Miaka miwili nimeibeba nikisema ni gesi, mpaka juzi nilipoinama kuzibua mfereji nikashindwa kuinuka. Baridi kali, ukungu umeingia mpaka wodini. Na kitanda cha pili yupo nani? Zebedayo! Jirani yangu, mwizi wa zamu yangu ya maji. Bwawa letu, ndiva, hulifungua yeye alfajiri, maji yote shambani kwake, kisha kanisani anaimba besi. Naye ana ngiri. Hata ugonjwa ameniiga.

Daktari amesema tutapasuliwa sote Jumatano, mimi kwanza. Nilimtazama Zebedayo. Akajifanya amelala.

Kisha mkosi. Nesi Eliaichi, mpole wa sura, mkali wa amri, kasema kesho jioni ni uji tu. Baada ya hapo hakuna kupitisha kitu kinywani, hata maji, mpaka nipasuliwe. Eti mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi na tumbo limejaa, chakula hupanda, kikaingia kifuani, asiamke tena. Nimeitikia vizuri. Moyoni nimejua: wanabana maharage. Hata jogoo wa Krismasi hulishwa kwanza!

Jumanne, 7 Julai

Rogathe, mke wangu, amekuja kunijulia hali. Nilikuwa nimemwagiza makande. Kaja nayo, lakini akagoma kuyatoa. Kasema hataki ujane kwa ajili ya maharage. Nimemwambia Daktari mwenyewe hunywa chai na mayai kabla ya kushika kisu, sembuse mimi ninayekatwa. Kanipa huku machozi yanamlenga. Yamefungwa kwenye jani la mgomba, bado ya moto. Nimeyasokomeza ndani ya foronya.

Mpango: kesho asubuhi mwinjilisti anakuja kutuombea. Huyo huomba mpaka miguu ikafa ganzi. Wodi nzima macho yamefumbwa. Ndipo nitakula. Akili hii sikufundishwa na mtu.

Zebedayo ameuliza mbona wodi inanukia jikoni. Nimemwambia ni homa yake.

Jumatano, 8 Julai, asubuhi

Msiba! Mwinjilisti kasema tuombe, nami nikafumba macho. Mazoea! Tangu utoto sijawahi kuomba macho wazi, mama alikuwa akitufinya. Nikafumba, nikaitikia mpaka Amina. Kufumbua, mto bapa. Zebedayo anameza.

Nesi hakuuliza mengi. Kamwambia afungue kinywa. Ganda la harage, jino la mbele. Upasuaji wake umeahirishwa mpaka wiki ijayo. Kayataka mwenyewe! Lakini mimi ndio naitwa, tumbo tupu. Kwaheri, Rogathe. Nikifa, zamu yangu ya maji asipewe Zebedayo.

Alhamisi, 9 Julai

Nipo hai! Jamani, nipo hai!

Jana nilipozinduka nilitapika mpaka machozi, yakatoka mate matupu. Nesi Eliaichi alinishika kichwa. Kumbe Zebedayo alishasema jani limetoka kwenye mto gani. Hakunigombeza. Aliniambia polepole, "Ungekula yale makande, Baba Priska, sasa hivi tungekuwa tunamwita Mama Priska aje achukue maiti. Mshukuru mwenzako alikuwahi."

Nililia. Kwa nini nijifiche kwenye daftari langu? Nililia kama mtoto. Rogathe alinishika kidole cha mguu, kisha akaenda kumsalimu Zebedayo kwa mikono miwili. Nami nikamwita, nikampa zamu yangu moja ya maji. Akashukuru. Akaongeza kwamba chumvi ilipungua.

Jumapili, 12 Julai

Kidonda kinakauka. Nimejikongoja mpaka barazani, nikaiona tambarare ya Maore kule chini, jua limeiwakia, nikajisikia mwepesi. Daktari anasema naendelea vizuri kwa sababu nilikwenda kisuni tumbo tupu. Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa kufuata amri.

Lakini Nesi amenikataza maharage mpaka nyuzi zitolewe. Eti tumbo litajaa upepo, nitajikaza, kidonda kifumuke. Wanabana tena! Na Zebedayo, anayengoja Jumatano, anaruhusiwa kula chochote mpaka Jumanne jioni. Haki iko wapi?

Nimemwambia Rogathe kwamba Daktari ameniruhusu. Ajabu, hakubisha. Kaleta jani kubwa, na kijiko cha nyumbani juu yake. Akapita kwanza kwa Zebedayo, wakanong'ona kidogo. Heshima tu.

Mwinjilisti anaingia. Safari hii naomba macho wazi.

Baadaye. Amina imenikuta nimefumba. Mto bapa. Zebedayo analamba kijiko. Kijiko cha kwetu! Sijui amekipata wapi.

Si neno. Kesho nitayaficha chini ya godoro. Rogathe amekubali kuleta mengi zaidi.