Kizibao Kilichonukia Lavenda

Ijumaa, 7 Juni

Tumepata! Santuri yetu ya kwanza itatoka msimu wa vuli. Santuri ya kweli, nyeusi, ya kuzunguka, si mambo ya simu. Wiebke, mwimbaji na mkuu wa bendi yetu ya muziki wa metali, Stahlwidder, yaani Kondoo Dume wa Chuma, amesema picha ya jalada itapigwa Jumamosi ya wiki ijayo, tukishamaliza kutumbuiza kwenye sherehe ya zimamoto. Atakayesimama mbele ni yule ambaye kizibao chake cha jinzi kinaonekana kimetoka kweli mwaka 1982. Mimi nimezaliwa 1999. Kizibao changu kimezaliwa Machi.

Roderich, mpiga gitaa mwenzangu, akacheka. Yeye amerithi cha baba yake: viraka vya bendi mpaka kwapani, miaka arobaini hakijaonja maji, na kwetu watu wa metali hiyo ndiyo heshima. Akikivua kinasimama chenyewe. Akaniuliza kama changu bado kina risiti. Mshenzi! Lakini mimi nina akili, na bibi yangu ana bustani.

Jumapili, 9 Juni

Nimekizika. Kwenye rundo la mboji la Bibi Gerlinde, kati ya maganda ya viazi na majani ya chai, saa tatu asubuhi, bibi akiwa kanisani. Nikakimwagia na bia. Siku sita humo kitatoka kizee. Usalama kamili: Jumapili hakuna anayefanya kazi bustanini kijijini kwetu. Ukiwasha tu mashine ya kukatia nyasi, majirani watakusema mpaka Krismasi. Nimejipongeza kwa soseji mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa! Bibi alikwenda jana kumwaga maganda. Kumwaga maganda si kazi, anasema. Akakiona. Akakiloweka. Kuloweka nako si kufua, anasema. Kufua alisubiri leo alfajiri. Nilipofika kilikuwa kimekauka, kimepigwa pasi, kinanukia lavenda. Tundu nililolitoboa kwa jasho langu limezibwa. Na mgongoni ameniwekea zawadi: kondoo dume wa kutarizi, mkubwa kama sinia, anatabasamu. Ana kope!

Bibi akauliza ni nani aliyenitupia nguo yangu, nimtajie jina tu, mengine nimwachie yeye. Ningesema nini? Nikasema sijui. Nikala supu.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Kama changu kimefuliwa, na cha Roderich kifuliwe. Nikamwalika kwa bibi, keki ya stroberi. Bibi hawezi kukaa chumba kimoja na uchafu, namjua.

Roderich akaja na kizibao mwilini, nzi wawili nyuma yake. Bibi akanusa. Akasimama. Moyo wangu ukapiga dramu. Akamzungusha, akakikagua, halafu akatokwa na machozi.

“Si cha Udo hiki? Kiraka hiki nilikishona mimi, enzi zile baba yako akiwa na nywele mpaka kiunoni!”

Nikasema kwa upole kwamba labda kinahitaji maji kidogo.

“Hiki hakifuliwi, Falko! Huna adabu?”

Roderich akapewa kipande cha pili. Mimi nikaosha vyombo.

Jumamosi, 15 Juni

Sherehe ya zimamoto. Jua kali. Jasho likaamsha ile lavenda, na mkuu wa zimamoto anafuga nyuki nyuma ya jukwaa. Wimbo wa pili, wakaja.

Nikaruka. Nikapiga magoti. Nikarusha kichwa, nikakimbia jukwaa zima huku gitaa linalia, na kila nilipogeuka watu wakamwona kondoo. Umati ukapagawa! Wazimamoto wazima na vitambi vyao wakamwita kondoo kwa sauti, ngumi juu. Roderich alisimama kama mlingoti, hakuna aliyemwangalia. Wiebke akaniambia hajawahi kuniona nikipiga kwa moyo namna ile. Nikamwambia ni mazoezi.

Ikaja saa ya picha. Nikasogea mbele, kidevu juu. Wiebke akaniambia nivue. Kizibao akavalishwa bibi, aliyekuwa ametuletea keki! Amesimama katikati, ameipa kamera mgongo, anachungulia juu ya bega kama mtu aliyefanya kazi hii tangu 1982. Roderich kulia kwake, Wiebke kushoto. Mimi niko pembeni kabisa na bati la keki, maana lazima mtu alishike.

Jumapili, 16 Juni

Nimelala vizuri. Nimefurahi, sikatai. Bibi amependeza kuliko sisi wote, na kizibao kilicho mbele ni changu, kwa hiyo ukiangalia vizuri mshindi ni mimi. Hata Roderich amemwomba bibi amtarizie kondoo wake, naye awe na kope.

Ila kwenye picha nimegundua kitu. Gitaa la Roderich ni la mwaka 1979, limechubuka vizuri ajabu. Langu linang'aa kama sufuria ya harusi. Santuri ya pili haiwezi kutoka hivi.

Nimelizika saa tatu, upande wa figili, udongo ni laini pale. Bibi yuko kanisani. Sina wasiwasi wowote. Leo Jumapili, hakuna anayefanya kazi bustanini.