Uzinduzi wa Uzio wa Mto Isolo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Makatibu Tarafa, Makatibu Kata na wasaidizi wa Makatibu, wawakilishi wa wafadhili, wachungaji, wazee wangu shikamooni, na ninyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu iliyoratibiwa na mgambo. (Makofi ya meza kuu.)

Mwaka jana muuguzi wa zahanati yetu, Dada Dorcas Luhaga, aliingia ofisini kwangu bila miadi, akaniarifu kwamba watu arobaini wanaharisha, kwamba huko juu ya mto wakulima wanaosha bomba za dawa ya pamba na ng'ombe wanakojoa mlemle mnamochota, na kwamba mtoto wa Mama Bernadeta amefariki.

Mimi, mtendaji makini wa zama hizi za soko huria, sikuzembea. Nilimwelekeza aandike upya kwa nakala tatu, nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaketi hotelini Mwanza siku tisa, katika semina ya wadau na upembuzi yakinifu, ikinywa maji ya chupa kwa kauli moja. (Miguno.) Dada Dorcas hayupo leo, alipoleta nakala ya nne alipata uhamisho wa kawaida. Ila natamka kifua mbele kwamba chanzo hiki cha maji sasa kimelindwa, kwa uzio huu, kwa asilimia mia moja na kumi na mbili.

(Mwanamke anasimama.) Naam, Mama Bernadeta. Anauliza kama sasa anaweza kuwapa maji haya wawili waliobaki. Swali zuri, la kisera. Kimsingi, ndiyo, ila kwa kipindi hiki cha mpito, mama, chemsha.

"Kuni mlitukataza kuokota," anasema.

(Kicheko.) Hilo ni la idara nyingine. Keti, mama. (Haketi.)

Maji salama, hoyee! (Sauti tatu.) Uchangiaji wa wananchi, hoyee! (Sauti moja, ya mgambo.)

Nihitimishe kwa kumshukuru Mzee Ngosha, aliyetuazima uzio wa zizi lake tuusimamishe hapa mtoni kwa ajili ya picha ya wafadhili. Mzee, picha imeshapigwa, unaweza kuung'oa. Nanyi mlioko ukingoni, wapisheni ng'ombe. Wana kiu tangu asubuhi.