Kadi ya Ubavuni na Mkorosho Wangu

Newala. Jumatatu, 9 Juni 2025

Uniwie radhi, shajara. Nimekunyamazia tangu msimu wa korosho uliopita. Mke wangu Yuliana alichukua kalamu kuandikia majina kwenye magunia, nami siombi kalamu yangu mwenyewe mara mbili.

Habari kubwa! Chama chetu cha ushirika kinatafuta katibu. Tangazo linasema "maombi itumwe" kwa barua pepe. Itumwe! Wananihitaji, mimi mwalimu mstaafu wa Kiswahili, haraka kuliko wanavyojua. Mpinzani wangu ni Halfani, mwalimu mstaafu wa hesabu, anayesema "kiti hii" bila kuona haya. Yeye atatuma kwa simu. Ombi la kazi kwa simu, kama salamu za Idi! Mimi nitatumia kompyuta yangu ya mapajani. Ni kongwe, na sehemu yake ya kunasa mtandao imekufa. Herufi zake, hata hivyo, ni nzima.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoka Masasi. Fundi Kelvin ameniuzia kadi ya mtandao, bapa kama kiberiti kilichokanyagwa. Inachomekwa ubavuni mwa kompyuta, na kuchomolewa ukimaliza.

Jirani yetu Mama Upendo ana mgahawa wenye mtandao wa wateja. Nikamwomba nenosiri. Akaniamkia, nikaitika marahaba, akasema ni "mkorosho yangu", herufi ndogo, bila nafasi. Nikamshukuru, nikaandika kiganjani: mkoroshowangu. Watu wazima siwakosoi hadharani.

Jumatano, 11 Juni

Kadi haisomi! Nikampigia Kelvin. Akauliza kama nimeweka draiva. Nikamwambia hii ni kompyuta, si lori. Akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe draiva ni programu ya kuitambulisha kadi kwa kompyuta, nayo imo kwenye ile diski niliyokuwa nawekea kikombe cha chai. Nikaifuta, nikaiingiza. Taa ya kijani! Jina la mgahawa likatokea. Nikaandika nenosiri. Likakataliwa. Nikachomoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha. Likakataliwa.

Yuliana akauliza kama nimeandika kama alivyosema Mama Upendo. Nikamjibu nimeandika vizuri zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegundua tatizo: vumbi la salfa. Watu wanapulizia mikorosho, upepo unalileta hadi sebuleni. Nikaifunika kompyuta kwa khanga, nami nikaingiza kichwa humo humo. Nenosiri likakataliwa gizani pia. Kadi ikakwama, nikaing'oa kwa kisu cha kuparia samaki. Yuliana hasemi nami. Hoja yake ni kisu.

Halfani akaja, akaketi barazani kwa Mama Upendo, akabofya mara moja, akaingia. Ametuma! Akanipigia kelele kutoka kule: Mwalimu, hiyo mashine irudishe makumbusho, njoo nikutumie mimi. Nikamjibu afadhali nisipate. Mtu hajui ngeli hata moja, na nenosiri linamkubali! Dunia haina haki.

Ijumaa, 13 Juni

Mama Upendo amekuja mwenyewe, akasimama nyuma yangu nikiandika. Akapiga ukelele. Mwalimu, ni mkorosho yangu! Hiyo "wangu" umeitoa wapi? Nikamwambia nimeitoa kwenye ngeli ya U-I. Akasema ana mikorosho mingi kule Chilangala, ndiyo maana ni yangu. Basi iwe mikorosho, nikasema.

Yuliana akavunja kimya. Baba Godwin, unaacha ukatibu kwa herufi moja?

Nilijaribu. Naapa. Kidole kilifika kwenye Y, kikarudi chenyewe.

Nikamwomba Mama Upendo abadilishe nenosiri. Akahema. Nilimfundisha darasa la nne. Akabadilisha, likawa mkoroshowangu.

Jumamosi, 14 Juni

Ushindi! Kadi imenasa mara moja. Ombi langu limekwenda, pamoja na kiambatisho: tangazo lao lenyewe, nimelisahihisha kwa rangi nyekundu. Halfani hakutuma kitu kama hicho.

Kamati inaamua leo jioni. Ila kuna kelele uani. Mtaa mzima umekosa mtandao, kila mtu anaandika "yangu". Mbele yao amesimama Mzee Abrahamu, mwenyekiti wa chama, ambaye husomea barua pepe zake kwa Mama Upendo. Ombi la Halfani alilifungua juzi. Langu hawezi kulifungua. Mama Upendo amewaambia wote wamuulize Mwalimu.

Yuliana ananisihi nimtajie mzee ile herufi moja, yaishe. Nimtajie tu? Atajifunza nini? Nimechukua chaki. Nitaanza na ngeli ya A-WA, taratibu, na U-I tutaifikia kabla ya magharibi.

Mzee Abrahamu ameniita kwa jina langu kamili, Silvano Mnali, tena kwa sauti kubwa. Dalili njema. Kamati ikishaamua, wewe, shajara, utakuwa wa kwanza kuambiwa, na kwa sarufi safi.